Walinzi wa kaburi: draugr wa Skyrim au viunzi vya Dark Souls?

Michezo yote miwili ya video ilitoka 2011, na ubishi wa nani mlinzi bora wa kaburi, draugr (maiti wanaotembea) au viunzi vya mifupa, haujaisha.

Kwa maisha ya kila siku, draugr wako mbali sana. Hulala kwenye mashubaka ya ukutani na kuamka kwa zamu: walioamka husujudu mbele ya jeneza la kuhani wa joka na kumpa uhai wao, kisha husafisha kaburi na kurudi kulala. Hilo ndilo linalolifanya kaburi lao lionekane limekaliwa. Sumu haiwadhuru, na uchawi wa baridi huwadhuru nusu tu ya kawaida. Tatizo ni usingizi: anayenyata na upinde huwamaliza shubakani mmoja mmoja.

Viunzi vya Catacombs, makaburi ya chini ya ardhi ya Dark Souls, havina ibada wala usafi, ila ukivibomoa huinuka tena. Uimara huo unamtegemea mchawi mwenye taa. Akiuawa, harudi hata ukipumzika, na viunzi vyake vikianguka havinyanyuki. Silaha yenye baraka ya kimungu nayo huvizuia.

Unabuni kaburi la kuchunguzwa taratibu? Chukua draugr. Ukitaka mchezaji amtafute adui aliyejificha huku akishambuliwa, viunzi vinafaa zaidi.