Vipembe vya ndege vya kuprinti hapa Mombasa: vya kwanza vililegea, vya pili viko sawa

Jamani mi nna ndege ya rimoti ya foami, ile bawa liko juu, mita 1.4 ncha hadi ncha, niliinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama. Mwezi uliopita nikaiteremsha vibaya mkia ukagonga tuta, naenda kuokota nakuta kile kipembe cha plastiki kinachokaa kwenye eleveta (kile kibao cha mkiani cha kuipandisha na kuishusha ndege), pale unaposhikia waya wa chuma unaovutwa na sevo, yaani kile kimota kidogo cha ndani, kimekatika kwenye tundu. Kitu chenyewe hata dole gumba hakifiki, na bila hicho ndege haipandi haishuki. Kuagiza China ni kungoja wiki na wiki, ndo mtu akanielekeza kwa kijana mmoja wa Tudor ana printa ya 3D chumbani kwake.

Kijana mpole, nikampa vile vipande viwili akavishika na supaglu, akapima kwa kalipa, akachora kwenye kompyuta nikiwa nimekaa pale pale. Vipembe sita, shilingi 80 kimoja, siku mbili. M-Pesa kwanza lakini, hana mambo ya ntakulipa kesho.

Sasa vile vya kwanza wallahi vilikuwa vizuri kwa macho tu. Alitumia PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi, nyeusi. Nikafunga kimoja, ndege nikaitupa nyuma ya gari nkavuka feri kwenda Likoni kumuona mama, gari ikashinda juani vioo vimefungwa, narudi saa tisa kipembe kimeinama kama mtu anayetafuta shilingi chini. PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari iliyofungwa kwenye jua letu hili, plastiki yenyewe nyeusi, kwani ulitarajia nini. Cha pili hakikungoja jua, nilikivuta na kidole kikapasuka, maana alikiprinti kimesimama, zile tabaka zimekaa kama chapati juu ya chapati, waya ukivuta kwa ubavu zinaachana.

Na matundu sasa! Waya wangu ni milimita 1.2, tundu kaliacha karibu 2. Ukishika eleveta inachezacheza kabla sevo haijasikia kitu, na hiyo si ya kudharau, ndege ikishika kasi eleveta inaanza kutetemeka yenyewe na mkia unaweza kung'oka.

Nikarudi. Hapa nampa maksi zake, hakuleta ubishi wala hakuniambia nimekitumia vibaya, alicheka akasema tuvifanye upya, nikalipa nusu tu. Safari hii PETG, plastiki nyingine ya printa ambayo inahimili joto mpaka karibu nyuzi 80, vikaprintiwa vimelala, na tundu nikamwambia aliache dogo, milimita 1, ntalitoboa mwenyewe na biti ya 1.2 kwa mkono taratibu. Waya sasa unaingia kwa kubana kidogo, haulegei haugomi. Nimeruka mara tisa, gari nimeliacha juani makusudi, kipembe kiko vile vile.

Kuna na hadithi ya waya. Ule wa zamani ulikuwa umeshika kutu, hewa yetu ya chumvi haina huruma, nikaenda kwa fundi baiskeli Mwembe Tayari akanipa spoki mbili za stenlesi kwa shilingi 40. Ule msokoto wa kwenye ncha, ule kama wa skrubu, unakaribiana sana na wa klevisi (vile vibanio vidogo vya kushikisha waya kwenye kipembe) zile za saizi ya inchi, 2-56, zikaingia bila shida, za saizi ya milimita, M2, usijaribu zinagoma. Ila spoki ni nene, milimita 2, mkia ukawa mzito nikalazimika kusukuma betri mbele mpaka ikagusa pua, basi nikaziweka kwa ndege kubwa nkinunua siku moja (mke wangu asisome hii) nikarudi kwa waya wa 1.2, ncha moja nimekunja kwa koleo herufi Z na upande wa pili klevisi ya kurekebishia.

Kwa yule kijana natoa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa simu, Ijumaa mchana hashiki kabisa, na ile PLA asingeniwekea kama angeniuliza kwanza hii kitu inakaa wapi. Ukienda beba kile kilichovunjika hata kama ni vipande, na useme PETG mapema, maana ukimwachia mwenyewe anachagua rangi.