PRM: rada ya sekunde moja kwa njia pacha za kutua

Rada ya kawaida ya kuongozea ndege zinazokaribia kutua huleta picha mpya kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Kwa ndege zinazofuatana inatosha kabisa. Sydney, ambako ndege hutua bega kwa bega na mita 1,037 tu zinatenganisha njia mbili sambamba, muda huo ni mrefu mno. Piga hesabu: katikati kuna ukanda wa marufuku wenye upana wa mita 610, kwa hiyo kila upande unabakiwa na mita 213. Ndege ya kasi ya kilomita 280 kwa saa ikikata nyuzi 30 kuelekea jirani yake, inazimaliza kwa sekunde tano na nusu. Rada ya kawaida pengine itakuwa imeiona mara moja tu.

Hapo ndipo inapoingia PRM (Precision Runway Monitor), rada maalumu ya kusimamia njia pacha. Antena yake haizunguki. Mawimbi yake huelekezwa kwa umeme, picha inabadilika kila sekunde. Skrini imevutwa kwa upana ili hata kuyumba kidogo kuonekane, na mbele ya kila ndege kuna mstari unaobashiri sekunde 10 zijazo. Mstari ukigusa ukanda, alama inageuka njano. Ndege ikiingia, nyekundu. Wenye Dar es Salaam, yenye njia zisizo sambamba, au Nairobi, yenye moja, hawaihitaji.

Ubaya wake ni kuhitaji watu wengi. Kila njia inataka mwongozaji wake wa kukodolea macho skrini tu, mwenye uwezo wa kuingilia masafa ya redio ya mnara. Kwanza humwamuru aliyepotoka arudi kwenye mstari wake. Asipotii, anayeondolewa ni yule asiye na kosa: geuka mara moja, panda. Rubani huyo azime otopailoti na kugeuza kwa mkono, kwani otopailoti huchelewa. TCAS, yaani kifaa cha ndani ya ndege kinachoonya dhidi ya kugongana, nayo ikipiga kelele, afuate TCAS kwa kupanda au kushuka, na mwongozaji kwa mwelekeo.

Redio ndiyo hukwamisha. Maikrofoni moja iliyonasa ikiwa wazi hufunga masafa yote ya mnara, ndiyo maana amri hurushwa pia kwenye masafa ya pili ya kusikiliza tu. Rubani aliyepunguza sauti ya redio hiyo ya pili amejinyima kinga hiyo.

Marekani mwaka 2013 ilishusha umbali wa chini kati ya njia mbili unaoruhusiwa kwa rada ya kawaida kutoka futi 4,300 hadi 3,600, skrini hiyo ya rangi ikibaki sharti. Kwa uwanja wenye nafasi hiyo, nunua skrini, acha antena.