Hesabu za stoo yangu ziko winguni: uzoefu wangu kutoka Busia

Tangu Oktoba 2020 hesabu za stoo yangu ya nafaka hapa Busia, upande wa Uganda, zinakaa kwenye Google Drive, huduma ya Google ya kutunza mafaili kwa intaneti, moja ya zile watu wanazoziita wingu. Nanunua mahindi, maharage na simsim kwa wakulima, napima, naweka, kisha nawauzia wenye malori wanaovuka kwenda Kenya. Kompyuta sikuisomea. Wenzangu wa mpakani huniuliza kila mara kama hilo wingu ni la kuaminika, na nikiwajibu ndiyo au la naona hawatosheki, ndiyo maana leo nimekaa nikaandika.

Kilichonifikisha huko ni mvua. Bati la stoo lilivuja usiku, na kaunta buku ya madeni nilikuwa nimeiacha mezani, chini ya tundu kabisa. Asubuhi nikakuta wino wa buluu umetapakaa na kurasa zimegandana kama chapati mbichi. Mzee mmoja wa Masafu alikuwa ameniletea mahindi wiki ile. Yeye akasema magunia 17, mimi kichwani nilikuwa na 14. Nilimlipa 17, kwa sababu daftari lilikuwa langu na aliyeliacha mezani ni mimi. Lakini usingizi ulinipaa siku kadhaa nikiwafikiria wengine waliokuwa kwenye kurasa zile zile.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa hajarudi chuoni kwa sababu ya korona. Akaniambia, "Shangazi, tuziweke winguni." Nikamuuliza hilo wingu ni kitu gani. Akasema ni kompyuta za watu, ziko mbali, zinawaka usiku na mchana, na wewe unakodi kona yake kupitia intaneti. Ili nielewe akanipa mfano wa stoo, nami nimeutumia kuwaeleza wengine tangu siku hiyo. Kuna anayekodi kiwanja kitupu ajenge mwenyewe: hao ni mafundi wanaokodi mashine tupu. Kuna anayekodi stoo yenye kuta na paa akaleta mizani yake: hao ni watengenezaji wa programu. Na kuna anayekodi stoo yenye mizani, mlinzi na makuli, yeye akaja na magunia tu. Mimi niko kwenye hilo kundi la tatu. Naandika namba zangu, mengine yote yanashughulikiwa na mwenye stoo.

Faida niliyoihisi kwanza sikuitarajia. Tunanunua pia Masafu, na zamani nilikuwa nasubiri lori lifike ndipo nijue limebeba nini. Sasa kijana anapima kule, anaandika kwenye simu, nami nikiwa Busia naona mstari unajiandika mbele ya macho yangu: jina, kilo, unyevu, bei. Lori likifika najua tayari limebeba magunia mangapi, na dereva naye anajua kwamba najua. Kwa hilo peke yake ningebaki na huduma hii.

Faida ya pili niliijua siku ya balaa. Kijana mpya alitaka majina yapangwe kwa alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akaipanga. Majina yakahama, madeni yakabaki pale pale. Mama mmoja ambaye sikuwa namdai hata shilingi akaonekana ana deni la laki nane, na tajiri mmoja wa simsim akaonekana msafi kama malaika. Zaidi ya watu 200 walichanganyika kwa kubonyeza mara moja. Nilihisi magoti yanalegea. Lakini faili la Google linatunza historia ya mabadiliko, na ndani yake unaona nani alibadilisha nini na saa ngapi. Tukarudi kwenye hali ya saa nne asubuhi ile, kila mtu akarudi na deni lake. Ingekuwa flashi tungelia. Tangu siku hiyo kijana mpya ana ruhusa ya kusoma tu kwa mwezi mzima, na anapoondoka kazini nafuta ruhusa yake siku hiyo hiyo, kabla hata ya kumlipa.

Gharama: nafasi ya bure ni GB 15, ila unagawana na barua pepe na picha zako. Hesabu zenyewe hazili nafasi. Picha za risiti ndizo zinazojaza, kwa hiyo kila msimu nazihamishia kwenye diski ya nyumbani. Usisahau bando nalo ni gharama.

Sasa hatari. Ya kwanza ni njia. Stoo inaweza kuwa nzuri na barabara ya kuifikia ikafungwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Sisi wa mpakani tuna laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, hivyo nilisogea karibu na mpaka, nikashika mtandao wa upande wa pili, nikafungua hesabu zangu. Nikajiona mjanja. Basi ikaja tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Uganda, isiyo na pwani, hupata sehemu kubwa ya intaneti yake kupitia nyaya za namna hiyo. Laini ya Kenya nayo ikawa nzito, maana wote tunakunywa kisima kimoja. Jumatatu lori la mteja wa Bungoma lilikuwa mlangoni injini ikinguruma, na mimi nimeshika simu nikitazama duara likizunguka. Alisubiri hadi saa nane mchana. Jioni ile niliweka faili kwenye simu na kompyuta lifunguke hata bila mtandao. Ningeweza kulifanya hilo tangu siku ya kwanza, na nawasihi mlifanye leo.

Ya pili ni ufunguo. Simu yangu iliibwa sokoni, na namba ya siri ya kuingilia ilikuwa inatumwa kwenye laini ile ile iliyoibwa. Kwa siku mbili, mpaka laini iliporudishwa, mimi mwenye mali nilikuwa nje ya mlango wangu. Google hukupa namba 10 za akiba za kuingilia simu inapopotea. Sasa nimeziandika kwenye karatasi iliyo ndani ya sanduku la bati, pamoja na hati ya kiwanja. Neno la siri peke yake silitegemei, na la barua pepe silitumii kokote kwingine.

Ya tatu watu hawaizungumzii sana: vitu vyenyewe viko wapi? Mimi naandika namba za simu za wakulima na mara nyingine namba za vitambulisho vyao. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha, ya 2019, inataka taarifa za mtu zikipelekwa nje ya nchi ziwe mahali penye ulinzi unaolingana, au mwenyewe awe ameridhia. Kwa hiyo ninapomsajili mkulima namweleza na kumuomba ruhusa. Wengi hukubali. Wachache hukataa, na hao nawaandika daftarini.

Na wingu nalo linaungua. Machi 2021 jengo zima la kompyuta za aina hiyo liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya waliokuwa wameweka nakala zao kwenye eneo lile lile walipoteza vyote. Niliposoma habari ile nilikumbuka meza yangu chini ya tundu la bati.

Huduma hii naipa alama 4 kati ya 5. Moja nimeiondoa kwa sababu ya njia.

Kila Jumamosi jioni, lori la mwisho likishaondoka, nachapa karatasi za madeni na kuzifungia kwenye lile sanduku. Mzee wa Masafu bado ananiletea mahindi. Msimu uliopita nilimwonyesha mstari wake kwenye simu: magunia 22, kilo zake, bei, tarehe. Akavaa miwani, akausoma polepole, akaniambia, "Nimeona, mama. Sasa nichapie." Nikamchapia. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti.