Shimo la mita moja au handaki: upimaji wa ardhi ya mji wa kale

Wanaakiolojia wanaotaka kujua kilichozikwa chini ya mji wa kale huchagua kati ya shimo dogo na handaki, yaani mtaro mrefu ulio wazi. Kwa gharama, shimo la mita 1 kwa 1 halina mpinzani. Watu wawili, mwiko wa mwashi, ndoo na chekeche vinatosha, na linaingia hata kwenye ua mwembamba. Udongo wote ukichekechwa, mifupa ya samaki na vigae vidogo vya vyungu havipotei kirahisi.

Shida ni kuaminika. Ukuta wa zama za kati ambao mawe yake yaling'olewa baadaye huacha mfereji uliojaa vifusi na chembe za chokaa. Ndani ya shimo dogo utadhani ni jalala. Kata handaki la upana wa mita 2 kuuvuka: kingo zote mbili zinajitokeza, na hapo unajua umekutana na jengo.

Lakini handaki linataka mashine ya kuchimba yenye kijiko kisicho na meno, uhakika wa mabomba na nyaya zilipo, na mtaalamu anayetazama kila mkwaruzo. Mvua ikinyesha, shimo hufunikwa kwa turubai moja. Handaki hudai pampu, na kingo zake za kifusi huporomoka ghafla.

Unatafuta kina na umri wa matabaka uani? Chimba shimo. Kiwanja kitachimbwa misingi mipya? Handaki, tena kabla michoro ya jengo haijakamilika, ili misingi iweze kuhamishwa.