Kamusi ya Simu Niliyoipima kwa Neno "Pants"

Kabla ya kuiamini kamusi yoyote ya Kiingereza, huipima kwanza kwa neno moja la mavazi, nalo ni "pants". Ni neno fupi, kila mwanafunzi anadhani analijua, na ndilo linalowaumbua watunga kamusi wavivu, kwa kuwa Mmarekani akilitamka anakusudia suruali ilhali Waingereza walio wengi wanakusudia chupi. Programu ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ambayo nimeitumia kwenye simu kwa miezi mitatu nayo haikusamehewa jaribio hilo.

Maana zote mbili zimo, na kwa hilo waandaaji wanastahili pongezi. Kasoro ni kwamba zimepangwa katika mstari mmoja, "suruali, chupi", zikitenganishwa na mkato tu, kana kwamba mtumiaji yuko huru kuchagua apendayo. Mgeni aliyenyeshewa mvua jijini London, akamwandikia mwenyeji wake kuomba aazimwe "pants" kavu, ameomba kitu ambacho watu hawaazimani, na kamusi iliyompa neno bila kumwambia ni nani hulitumia kwa maana ipi imemponza kuliko ambavyo ingemponza kwa kunyamaza. Nakiri kwamba kuweka alama za nchi si kazi nyepesi: Waaustralia huita suruali "pants", na hata ndani ya Uingereza yenyewe, katika sehemu za kaskazini kama Lancashire, wapo wanaolitumia hivyo. Hata hivyo, waandaaji hawa wanazijua alama hizo. Kitufe cha matamshi kina sauti mbili, ya Kimarekani na ya Kiingereza cha Uingereza, na chini ya kidahizo "vest" wameeleza bayana kuwa kwa Mwingereza ni fulana ya ndani na kwa Mmarekani ni kizibao. Umakini huo ulipotelea wapi walipofika kwenye "pants", sijui.

Sehemu ya asili ya maneno ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Inaeleza kwamba "pants" ni ufupisho wa "pantaloons" uliozuka Marekani katika karne ya 19, na kwamba neno hilo refu liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa, kutokana na jina la Pantalone, yule mfanyabiashara mzee na bahili wa Venice katika michezo ya kuigiza ya Kiitaliano, aliyetambulikana jukwaani kwa vazi la miguuni lililombana. Msomaji anaondoka akijua kwamba maana ya suruali ndiyo iliyotangulia. (Suruali yetu nayo ni msafiri: ilitoka Uajemi, ikapitia kwa Waarabu.)

Katika sarufi programu inalegea. Vazi ni moja, lakini Kiingereza hulitendea neno hili kama wingi daima, na anayetaka kuhesabu hulazimika kusema "a pair of pants". Anayezungumza Kiswahili, aliyezoea kusema "suruali hii imechanika", anahitaji kuambiwa jambo hilo kuliko jingine lolote. Kumbe mfano pekee uliotolewa una kitenzi cha wakati uliopita, "wore", ambacho hakionyeshi upatanisho wowote. Zaidi ya hayo, kitenzi "pant", yaani kuhema, ambacho hakina undugu wowote na vazi, kimewekwa katika ukurasa uleule bila hata mstari wa kukitenga.

Misimu haimo kabisa. Tangu miaka ya 1990 Waingereza wamekuwa wakisema kitu ni "pants" wakimaanisha kwamba ni hafifu, na anayesoma maoni yao kuhusu filamu au chakula bila kulijua hilo atashangaa sana.

Kwa anayesoma Kiingereza tu, programu hii inafaa, maana muktadha utamsaidia kuchagua kati ya suruali na chupi. Kwa anayeandika, bado haijakamilika. Mimi mwenyewe, nisipojua msomaji wangu ni wa upande gani wa Atlantiki, huandika "trousers", neno ambalo pande zote mbili hulielewa kwa maana moja. Ushauri huo nilitarajia kuukuta chini ya kidahizo hiki, lakini haumo.