Prado iliyotumika: 90, 120 au 150?

Anayetafuta gari la kuhimili matope na milima huishia kwenye swali hili: achukue la zamani ambalo fundi yeyote analijua, au ajikaze apate la karibuni? Kwa Toyota Prado, ambayo matoleo yake hutajwa kwa namba hizo, mimi naiweka 120 (2002 hadi 2009) ya kwanza, 150 ya pili, 90 ya tatu.

Kwanza 120. Ya petroli ya lita 2.7 inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na haina makuu. Mlimani ikiwa na mzigo ni nzito, hilo ulijue mapema. Ya dizeli, yenye injini ya 1KD-FTV, ina nguvu zaidi na hainywi sana, ila ina ugonjwa unaoua. Chini ya kila nozeli, inayopulizia dizeli ndani ya injini, kuna washa, yaani pete ndogo bapa ya shaba ya kuzibia. Ikichoka, gesi ya mwako hupenya hadi kwenye oili, masizi yanajikusanya na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pampu ikikosa oili, injini imekwisha. Muulize muuzaji washa hizo zilibadilishwa lini. Akibabaika, sampu ifunguliwe kabla hujalipa. Anayekataa hilo achana naye, hata gari ling'ae vipi.

Kisha lala chini uangalie chesisi, hasa upande wa nyuma juu ya ekseli. Gongagonga kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia; kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa na kumwaga magamba. Rangi nyeusi mbichi huko chini inanitia wasiwasi kuliko kutu ninayoiona.

150 ilianza 2009. Imetulia barabarani kuliko hizo nyingine, na kuanzia 2015 ilipata dizeli ya lita 2.8 yenye cheni. Kinachoishusha ni umeme mwingi, na zenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi haziwafai wenye safari fupi fupi, kwa kuwa chujio halipati joto la kujisafisha. Kama una fundi mwenye mashine ya kupimia na unamwamini, ipandishe iwe ya kwanza.

90 (1996 hadi 2002) naipenda kwa moyo wote, lakini umri umeifikia. Dizeli yake ya 1KZ-TE ikichemsha mara moja tu, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka. Nenda asubuhi, gusa boneti: ikiwa ya moto, mwenyewe ameshaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta na utazame maji kama yana utando wa oili. Funga, washa, kisha minya paipu kubwa ya juu ya rejeta. Ikikakamaa ndani ya dakika mbili, injini ingali baridi, gesi inaingia kwenye maji.

Kwa zote tatu, ingiza gia nzito (ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu) na ufunge difu ya kati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ukiwa kwenye udongo. Isiyotumika miaka mingi huganda, na taa ya dashibodi itabaki kupepesa bila kutulia.