SoilGrids na iSDAsoil: ramani mbili za udongo kwenye mteremko wa Kwimba

Kwa wenye haraka nianze na hukumu. Kama wewe ni afisa ugani, mwanafunzi wa kilimo au mkulima mwenye simu na bando, fungua SoilGrids na iSDAsoil leo. Zote mbili ni za bure, na zinakupa habari za udongo wa karibu popote unapogusa kidole, habari ambazo zamani ulizifuata kwenye makabati ya ofisi za mbali. Ila usimwambie mkulima anunue hata mfuko mmoja wa mbolea kwa kutazama ramani hizo peke yake.

Mimi ni bibi shamba katika Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Nimezitumia ramani hizi kuusoma udongo mweusi wa mbuga, yaani ardhi tambarare ya bondeni, na jirani zake wa mteremkoni, kwa sababu mbuga inalisha kaya nyingi za huku na bado ndiyo ardhi inayoshauriwa vibaya kuliko zote. Mtu anakuja na kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya udongo mwekundu wa milimani, anakisoma mbele ya wakulima wa majaruba, kisha anaondoka.

SoilGrids inatoka ISRIC, kituo cha habari za udongo kilichopo Wageningen, Uholanzi. Inaigawa dunia katika visanduku vya mita 250 kwa 250, na kwa kila kisanduku inakadiria mfinyanzi (chembe ndogo kabisa za udongo, zile zinazonata), mchanga, tope laini (chembe za ukubwa wa kati ya hizo mbili), pH (kipimo cha uasidi wa udongo), kaboni, naitrojeni na vingine, katika tabaka sita kuanzia juu hadi kina cha mita mbili. iSDAsoil ilitoka mwaka 2020 na inahusu Afrika tu. Visanduku vyake ni vya mita 30, yaani eneo pungufu kidogo ya robo ekari, lakini inaishia sentimita 50 kwenda chini, kwa tabaka mbili: 0 hadi 20, na 20 hadi 50. Yenyewe inaongeza fosforasi, potasiamu, zinki, salfa na virutubisho vingine ambavyo SoilGrids haina.

Wakulima huniuliza: nani alikuja kuchimba huku? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalokuonyesha uziamini ramani hizi kiasi gani. Hakuna aliyechimba kila kisanduku. Walichukua mashimo yaliyokwisha kuchimbwa na wapimaji wa miaka mingi, yale yaliyoandikwa rangi, tabaka, chembechembe na majibu ya maabara. SoilGrids ya sasa imejengwa juu ya mashimo kama 240,000 ya dunia nzima. Kwa Afrika kusini ya Sahara kuna mkusanyo wa mashimo zaidi ya 18,000, mengi yakitoka kwenye ripoti za zamani. Kisha kila shimo likawekwa juu ya tabaka za mvua, joto, mwinuko, mteremko na picha za setilaiti zinazoonyesha mimea. Kompyuta ikajifunza kwamba penye mvua hii, bonde la namna hii na majani yanayokauka mwezi fulani, mashimo yalionyesha mfinyanzi kiasi hiki. Mahali ambapo hapajachimbwa, inakadiria kwa kufananisha.

Fikra yenyewe ni ya zamani. Vasily Dokuchaev wa Urusi aliieleza katika karne ya 19, na Hans Jenny akaipa umbo la kihesabu mwaka 1941: udongo ni zao la hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba wa asili na muda. Ramani hizi zinafanya hesabu hiyo kwa mamilioni ya visanduku.

Nadhani watu wengi wa Kanda ya Ziwa hawajui kwamba sehemu muhimu ya elimu hii ilipatikana hapa hapa Tanganyika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki husomwa kwa mnyororo: kutoka kileleni hadi bondeni aina zinafuatana kwa mpangilio uleule, kilima baada ya kilima, kwa sababu maji yanahamisha chembe na chumvi kutoka juu kwenda chini. Mwaka uliofuata ikatoka ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki.

Wasukuma walikuwa na mnyororo huo midomoni. Juu kabisa, kwenye majabali ya matale, kuna luguru, udongo wa changarawe usio na kina. Ukishuka kidogo unakuta luseni, mchanga mwepesi wa mihogo, karanga na viazi vitamu. Chini yake itogolo, kichanga kigumu kinachotuama maji wakati wa masika, ambako wengi wamechimba majaruba ya mpunga. Pembeni kuna ibambasi, ardhi iliyoshikamana, ambayo mvua ikinyesha maji yanapita juu tu. Bondeni kabisa ni mbuga.

Tukae hapo mbugani, maana ndipo ramani zinapofanya kazi yake nzuri. Udongo huu wataalamu wanauita Vatisoli. Ili ustahili jina hilo unahitaji mfinyanzi usiopungua asilimia 30 na tabia ya kuvimba na kusinyaa. Nenda mwezi wa Septemba utaona nyufa za kuingiza mkono hadi kiwiko. Mvua za kwanza za Novemba zikianguka, maji yanazama kwenye nyufa hizo haraka. Baada ya muda mfinyanzi unavimba, nyufa zinafungika na shamba zima linakataa maji. Hapo katikati kuna siku chache ambazo maksai wanaweza kulima. Ukiwahi, jembe linagonga mabonge magumu. Ukichelewa, plau inajaa tope na ng'ombe wanazama. Huku tunapata mvua ya milimita 700 hadi 1000 kwa mwaka, na mara nyingi inakatika Januari au Februari kabla ya kurudi Machi. Mbuga inavuka ukame huo mfupi vizuri kuliko luseni kwa sababu inashika maji mengi, ingawa sehemu ya maji hayo imebanwa na mfinyanzi kiasi kwamba mizizi haiyapati. Masika yakiisha, unyevu uliobaki chini unatosha kuotesha dengu. Dengu za mbugani zinaivishwa na maji yaliyokwisha kunyesha.

Sasa chukua iSDAsoil, gusa juu ya mteremko, kisha katikati, kisha bondeni. Namba ya mfinyanzi inapanda kadiri unavyoshuka, mchanga unapungua, uwezo wa kushika virutubisho unapanda. Mnyororo unauona kwa namba. Nikiwaonyesha vijana waliorudi kutoka chuoni wanaamka kabisa, maana jina alilolitaja babu limepata asilimia, na asilimia waliyoisoma darasani imepata mahali. Kwa kufundishia sijaona chombo kinachozidi hiki.

SoilGrids nayo inanisaidia kwa kina. Dengu na pamba hupeleka mizizi chini zaidi ya sentimita 50, na hapo iSDAsoil imenyamaza. Kitu ninachokithamini zaidi kwenye SoilGrids ni kwamba kila makadirio yana kiwango cha chini na cha juu. Ukiona mfinyanzi unaweza kuwa popote kati ya namba mbili zilizo mbali sana, ramani inakuambia kwa uaminifu kwamba hapo haina uhakika. Watu wengi wanasoma namba ya katikati tu. Soma zote tatu.

Mipaka yake nayo ni mikubwa. Kisanduku cha mita 250 kina hekta 6.25, zaidi ya ekari 15. Mashamba mengi ya huku yanaingia ndani ya kisanduku kimoja na nafasi inabaki, na mteremko mfupi, kutoka luseni hadi mbuga, unaweza kumezwa na visanduku viwili au vitatu. Kwa hiyo SoilGrids usiitumie kugawa shamba la mtu. Itumie kuelewa kata au wilaya. Mita 30 za iSDAsoil zinakaribia ukubwa wa jaruba, lakini udogo wa kisanduku haumaanishi kwamba kuna mtu aliyepima pale. Waliotengeneza wenyewe walichapisha vipimo vya usahihi: pH ndiyo inayokadiriwa vizuri kuliko vingine, fosforasi iko nyuma sana. Inaeleweka. pH inafuata mvua na mwamba, vitu ambavyo setilaiti na vituo vya hali ya hewa vinavifahamu. Fosforasi inategemea pia zizi la ng'ombe lilikuwa wapi na nani aliweka mbolea msimu gani. Ndiyo maana nimesema usinunue mbolea kwa kutazama ramani.

Kwa Usukuma pengo kubwa zaidi ni ibambasi. Ubaya wa ardhi ile unatokana na sodiamu na tabaka gumu lililo chini kidogo ya uso. Hakuna ramani kati ya hizi mbili yenye tabaka la sodiamu. Dalili pekee unayoweza kuikamata ni pH. Ikipanda kupita 8.5, shuku na uende ukachimbe. Mtu akipanda pamba kwenye ibambasi kwa sababu mfinyanzi na kalsiamu vinaonekana vizuri kwenye simu, atapoteza mbegu, nguvu na msimu.

Kwa hiyo natembea hivi, na nakushauri nawe ufanye hivyo. Kwanza namwomba mwenye shamba, mara nyingi mzee au mama anayelima mwenyewe, anionyeshe kwa miguu jina moja linapoishia na jingine linapoanzia. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, fuata majani, udongo hauna kelele." Alikuwa sahihi, nyasi zinabadilika pale pale chembechembe zinapobadilika. Nikishapata mipaka yake ndipo natoa simu. Ninasoma namba za kila sehemu, ninaangalia mwinuko na upande maji yanakoelekea, na ninaangalia mvua kwenye CHIRPS, hifadhi ya bure yenye makadirio ya mvua tangu mwaka 1981, kwa visanduku vya kama kilomita tano. Halafu sururu na chepeo. Shimo moja kwa kila jina, mita moja kwenda chini nguvu ikiruhusu, na kina hicho mbugani ni jasho kweli kweli.

Ndani ya shimo la mbuga tafuta vitu vitatu. Nyuso zilizosuguana hadi zikang'aa, zimelala mshazari: hizo ni alama za udongo kuvimba na kujisukuma. Vinundu vyeupe vya chokaa. Vilivyosagwa ukivimwagia siki vinatoa povu. Na rangi, uangalie ina weusi mpaka wapi. Weusi usikudanganye kuwa ni mboji tele. Mbuga inaweza kuwa nyeusi tii na bado ina kaboni ya wastani na naitrojeni kidogo, na mpunga ukawa wa njano kwa njaa. Hapa ramani hunisaidia kumshawishi mkulima, maana jicho lake linaona rutuba, na namba ya naitrojeni inamfanya akubali samadi au urea ijaribiwe kwenye jaruba moja kwanza.

Baada ya hapo sampuli ziende maabara. Ramani inakupunguzia gharama hii bila kuifuta: badala ya kuchukua sampuli ovyo shamba zima, unachukua kwa kila aina ya udongo, na pesa ya kikundi inatosha kupima fosforasi na sodiamu pale panapotia shaka.

Kuhusu matumizi yenyewe: iSDAsoil ni nyepesi kwenye simu, unagusa na namba zinatokea. SoilGrids inafaa zaidi kwenye kompyuta. Takwimu zake ukizipakua, soma vipimo kwanza, maana pH imehifadhiwa ikiwa imezidishwa kwa kumi na mfinyanzi uko kwa gramu kwa kilo. 65 ni pH ya 6.5, na 420 ni asilimia 42. Maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza, na hilo linawafungia nje wakulima wengi ambao wangeweza kuyatumia wenyewe. Mtandao ukiwa dhaifu, pakua eneo lako ukiwa mjini Ngudu, ulifungue kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure, uende nalo shambani.

Ningependa matoleo yajayo yaongeze sodiamu kabla ya kitu kingine chochote. Na ningependa vyuo vyetu viwatume wanafunzi kuchimba mashimo kwenye miteremko ya Kwimba, Magu, Maswa na Kishapu, yaandikwe kwa majina ya Kisukuma pamoja na vipimo vya maabara, kisha yapelekwe kwenye hifadhi ya ISRIC inayopokea data za mashimo kutoka nchi zote. Kila shimo litakaloingia litasahihisha makadirio ya visanduku vinavyofanana nalo, na mkulima wa itogolo atapata namba zilizotoka kwenye itogolo.